Mstari wa Barakoa

Kwenye mashine yetu ya kukoboa mpunga pale Shanwe, unaweza kufanya kazi na mtu msimu mzima bila kuujua mdomo wake. Unamjua kwa macho, kwa kikohozi, kwa namna anavyofunga kanga kiunoni. Vumbi la pumba halina adabu. Linaingia puani, linaingia masikioni, ukizubaa linaingia hata kwenye chai. Ndiyo maana sisi wanawake tunaoanika na kupepeta tunavaa barakoa tangu asubuhi hadi mashine inapozimwa. Tulizishona za kitambaa wakati ule wa korona. Korona ilipopungua watu mjini wakavua, sisi hatukuvua. Tulishaona kwamba kifua hakikohoi kama zamani.

Mimi naitwa Pelagia. Nilimaliza la saba kule Usevya nikaja kukaa na shangazi yangu Cecilia hapa Mpanda, na kazi hii naipenda. Napenda mpunga unavyolia ukiumwaga kwenye turubai. Napenda kukaa kimya nikaangalia watu. Wenzangu wanaoongea ni wawili, Kashinje na Mwanaiddi, na wanatosha kuongea kwa ajili yetu sote. Kashinje ni Msukuma, mtu mzima, ananyanyua gunia kama mwingine anavyonyanyua mtoto. Mwanaiddi ni mwembamba, na ulimi wake unamtangulia kufika kazini.

Msimu uliopita nilikuwa na jambo moja tu moyoni, nalo lilikuwa Erasmus.

Erasmus ni fundi pikipiki, yuko Sitalike. Washenga wake walishakuja, wajomba walishaongea, kila kitu kilikaa sawa. Alibaki mama yake, Mama Marta, anayelima mpunga kule Majimoto. Kwao wana utaratibu wao. Mama mzaa chema lazima aje mwenyewe kwa kina binti, akae, amwangalie, halafu ale chakula alichopika huyo binti kwa mkono wake. Akila, ameshakubali, mengine ni kupanga siku. Lakini akisema nimeshiba njiani, hapo hata kama mbuzi wameshafungwa kamba, wanafunguliwa. Erasmus aliniambia akicheka. Mimi sikucheka sana.

Mama Marta alikuwa aje baada ya kuvuna. Na ni wakati huohuo wa mavuno uso wangu ulipoanza kuniharibikia.

Ilianza na kuwasha pembeni ya pua. Kisha vikaja vipele vidogo kidevuni, vigumu, kama chenga za mchele zimeingia chini ya ngozi. Kisha chunusi zenye hasira mashavuni, pale ambapo ukingo wa barakoa unasugua ukiongea. Juu ya pua kukawa na alama nyeusi. Na kubwa kuliko yote, nikawa na rangi mbili. Sisi tunashinda kwenye turubai juani tukigeuza mpunga, kwa hiyo paji la uso na chini ya macho vilikuwa vimeungua vyeusi tii. Kuanzia katikati ya pua kushuka chini, pale barakoa ilipokuwa inafunika, nilikuwa mweupe wa kushangaza. Katikati mstari, umenyooka kabisa, kama umepigwa na rula.

"Pelagia," Mwanaiddi aliniambia siku moja tunanawa, "wewe juu ni chai ya rangi, chini ni chai ya maziwa. Mgeni akija umkaribishe na ipi?"

"Na wewe je?" nikamwuliza.

"Mimi nilizaliwa kahawa. Haichanganyiki."

Tukacheka wote. Lakini mtaani hawakucheka. Ukienda sokoni na uso wa namna ile, chini mweupe, vipele juu yake, watu wanajua jibu kabla hawajauliza. Mkorogo. Binti anajichubua, krimu imemkataa. Muuza nyanya mmoja alinishika mkono kwa huruma kabisa akaniambia, "Mdogo wangu, ridhika na rangi aliyokupa Mungu." Nilimshukuru, nikanunua nyanya, nikaondoka. Ningeanza kumweleza habari za barakoa ningechelewa kazini.

Halafu Erasmus akapiga simu.

"Mama ameambiwa na mtu," alisema. "Mtu amekuona Mpanda. Amemwambia unajichubua."

"Na wewe ulimwambiaje?"

"Nilimwambia hapana. Lakini Pelagia, mimi nikija huko nakukuta umeziba mdomo na pua. Nimeposa macho mimi!"

"Macho yana kasoro?"

"Macho hayana kasoro. Ila mama kwa jambo hilo hana utani. Mdogo wake alijichubua miaka mingi. Alipokwenda kujifungua kwa kisu, ngozi ilikataa kushika uzi. Aliteseka sana mbele ya macho ya mama. Akiona dalili tu ya krimu kwako, hatakula. Namjua."

Basi nikajua ninachopigania. Si urembo. Ni tonge moja la wali kinywani mwa mama wa watu.

Shangazi Cecilia alitaka kunisaidia na alinisaidia vibaya. Alinipa limau nipake, nikaungua mpaka machozi. Alinipa mafuta ya mgando nijipake mengi asubuhi kabla ya kuvaa barakoa, ili isisugue. Ikifika saa sita, chini ya barakoa kumekuwa kama sufuria ya maandazi, mafuta na jasho, na vipele vikanenepa. Mwanaiddi akaniletea kichupa kutoka kwa mtu anayemjua. Nikakishika, nikakigeuza, hakina jina, kina picha ya mwanamke tu. Nikamrudishia.

"Unaogopa nini?" akaniuliza.

"Naogopa kuwa kweli yule wanayesema ndiye mimi."

Mwisho nikaenda zahanati. Nesi niliyemkuta anaitwa Mediatrice, mtu wa Katumba, mpole, anaongea taratibu kama anahesabu maneno asije akayapunja. Aliniangalia uso akiwa kaninyanyua kidevu kuelekea dirishani. Hakusema mkorogo. Aliuliza nafanya kazi gani.

"Kwenye mashine ya mpunga."

"Unavaa barakoa?"

"Navaa."

"Unayo hapo?"

Nilikuwa nayo kwenye pochi. Akaichukua kwa ncha za vidole, akaigeuza upande huu, akaigeuza upande ule.

"Ndani ni upande gani?"

Swali hilo sikuwahi kuulizwa. "Wowote tu," nikasema. "Leo huu, kesho huu."

"Yaani mnaigeuza?"

"Tunaigeuza, dada. Upande wa nje ukijaa vumbi, kesho yake tunaugeuzia ndani, ule mwingine ambao bado ni safi unakaa nje. Tunafua Jumamosi."

 Mediatrice akachukua beseni la bluu, akaikung'utia barakoa yangu humo. Vumbi likashuka, laini, la kijivu, likatulia chini ya beseni kama unga kwenye ungo. Nilikuwa sijawahi kuliona likiwa peke yake hivyo.

"Hili," akasema, "mnalivaa ili lisiingie puani. Sawa kabisa. Halafu kesho mnalilaza kwenye shavu, mnalimwagia jasho, mnalifunika, mnajisugua nalo siku nzima. Ngozi ifanye nini?"

Niliona aibu, kisha nikaona kicheko kinakuja, na yeye akakiona, tukacheka wote wawili. Maana ule ulikuwa ujanja wetu wa pale mashineni. Tulimfundisha kila mgeni anayeanza kazi: usisumbuke kufua, wewe geuza tu. Tulijiona tuna akili.

Akanieleza. Barakoa ivaliwe siku moja ifuliwe, kwa sabuni ya mche, si ya unga ile kali, na isuuzwe mpaka maji yatoke meupe, kwa sababu sabuni ikibaki kwenye kitambaa nayo inaunguza. Ianikwe juani ikauke kabisa. Kitambaa kiwe laini cha pamba. Ikilowa jasho mchana, badilisha. Uso unawe kwa maji na sabuni ya kawaida, usisugue, upake mafuta mepesi kidogo, basi. Limau ni la samaki. Na ukiwa nje kwenye hewa, mbali na vumbi la mashine, vua, ngozi ipumue, ila funika kichwa jua lisikuchome.

"Na hii rangi?" nikauliza. Ndiyo iliyokuwa inaniuma. "Hii rangi mbili?"

"Hilo ni jua tu. Pale lilipofika na pale lisipofika. Itajirudi yenyewe polepole. Usiifuate na chochote."

"Polepole kiasi gani? Nina mgeni."

Alitabasamu. "Ngozi haimjui mgeni, mdogo wangu."

Nilirudi mashineni nikawaambia wenzangu. Kashinje alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. Halafu akavua barakoa yake, akaiangalia, akaikung'uta, akaiangalia tena, akaacha kucheka.

"Nyie," akasema. "Mimi huku kidevuni kunaniwasha tangu mwaka juzi. Nilidhani ni uzee."

Na hapo ndipo nilipoanza kuwaangalia vizuri wanaponawa. Kwetu jioni mashine ikizimwa tunapanga mstari kwenye ndoo, wa mbele anamwagiwa maji na wa nyuma yake, anayemaliza anamwagia mwingine. Nilizoea kuona mikono na maji. Sasa nikaona nyuso. Kila mmoja alikuwa na yake. Mmoja vipele, mmoja alama juu ya pua, mmoja ngozi imekauka inabanduka pembeni ya mdomo. Na huyo Mwanaiddi mwenye kahawa isiyochanganyika, ukimwinulia kidevu juani unaona mstari wake, mwembamba, upo.

"Koma kuniangalia kama nesi," akanifokea.

Shangazi ana cherehani. Tukatafuta shuka kuukuu lililofuliwa mpaka likawa laini kama sikio la mbuzi, tukashona barakoa nyingi, kila mtu na zake za kubadilisha. Nikaogopa kitu kimoja: mazoea. Mtu akichoka ataigeuza tu. Kwa hiyo upande wa nje wa kila moja nikaweka uzi mwekundu, mshono mdogo kama jicho la njiwa. Uzi unaangalia watu, hauangalii shavu lako. Kwenye nguzo ya banda tukatundika mfuko wa zilizo safi, na chini yake ndoo ya zilizovaliwa. Hamis, fundi wa mashine, alituona akasema tumefungua hospitali. Siku iliyofuata akaomba yake.

Uso wangu ulianza kutulia. Kwanza ukaacha kuwasha, kisha vile vipele vikubwa vikasinyaa, vikaacha madoa. Lakini mstari ulibaki. Na mstari ukiwa bado upo, Mama Marta akaja.

Alikuja na basi asubuhi. Mpunga wake alikuwa ameutanguliza kwa lori, ukashushwa kwenye mashine yetu, kwa kuwa Erasmus alimwambia pale hawamharibii mtu mchele. Ni mama mrefu, mkimya, amefunga kitambaa kichwani kwa nguvu. Alipofika nyumbani kwa shangazi nilipiga goti nikamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akanishika mkono, hakuuachia haraka. Macho yake yakaanza kwenye paji la uso, yakashuka, yakafika kwenye mstari, yakasimama hapo.

Nilikuwa nimepika tangu alfajiri. Wali na migebuka ya nazi, mboga za majani, maharage pembeni kama samaki hataki. Shangazi akaleta maji ya kunawa. Mama Marta akaangalia yale maji.

"Ahsanteni," akasema. "Nimeshiba njiani."

Sebule yote ikasikia. Erasmus aliyekuwa amekaa mlangoni akainuka, akakaa tena.

"Mama Erasmus," shangazi akasema, "hata tonge moja?"

"Sina ugomvi na nyumba hii. Nyie ni watu wazuri, naona." Kisha akanigeukia mimi, na sauti yake haikuwa ya ukali. Ingekuwa ya ukali ingekuwa rahisi zaidi. "Binti yangu, nilimwuguza mdogo wangu. Nilibadilisha vitambaa vyake kwa mikono hii. Na yeye alianza hivyohivyo, kidogo tu, usoni tu. Siwezi kuliangalia tena jambo lile likikua ndani ya nyumba ya mwanangu."

"Sipaki kitu, mama," nikasema. "Ni barakoa ya kazini."

"Barakoa inachubua?"

"Hapana mama. Inafunika. Jua ndilo linalounguza pasipofunikwa."

"Yeye alisema ni sabuni," Mama Marta akajibu. "Alisema ni sabuni mpaka mwisho."

Nilikuwa na maneno mengine, ya nesi, ya beseni la bluu, lakini niliona kila neno langu lingeingia kwenye kapu lilelile la maneno ya yule mdogo wake. Mtu aliyedanganywa kwa upendo huwezi kumtoa hapo kwa maneno. Nikatoa vyombo. Shangazi alilia jikoni, mimi nikafunika wali.

Mama Marta alilala kwa ndugu yake. Alipanga akoboe asubuhi, apande basi la mchana, mambo yaishe. Lakini mpunga nao una maneno yake. Asubuhi Hamis alifungua gunia la kwanza, akatia punje mdomoni, akaiuma. Mpunga mkavu ukiuuma unasema ka! Huu wa Mama Marta ulinyamaza.

"Mama, bado mbichi huu," Hamis akasema. "Nikiupitisha sasa hivi unapata chenga tupu. Uanike leo, jioni nakukobolea."

Mama Marta naye akauma punje. Akauma nyingine. Ni mkulima, hakuweza kubisha. Basi la mchana likaondoka bila yeye.

Wa kuanika ni sisi. Nikatandaza turubai, tukamwaga mpunga, nikavua viatu. Na kwa kuwa pale nje hakuna vumbi la mashine, nikavua barakoa kama nilivyoelekezwa, nikajitanda kanga kichwani mpaka karibu na macho. Nikaanza kutembea juu ya mpunga nikiuburuta kwa miguu, mistari inatokea, punje za chini zinakuja juu. Mama Marta alikaa kwenye benchi kivulini akiangalia. Baadaye akavua viatu vyake naye, akaingia kwenye turubai kutokea upande ule mwingine. Alikuwa anageuza vizuri, hatua fupi, kisigino chini. Tulipishana katikati, tukaenda, tukarudi, tukapishana tena.

"Usevya mlilima bonde gani?" akauliza tulipopishana.

Nikamwambia. Tukafika mwisho, tukageuka.

"Nalijua," akasema tulipokutana tena. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu ya asubuhi.

Jua lilipoanza kuinama Hamis akauma punje, ikasema ka!, akawasha mashine. Mama Marta akaingia bandani kusimamia mpunga wake, kama wenye mpunga wote wanavyofanya. Kashinje akamnyooshea barakoa safi kutoka kwenye mfuko.

"Vaa, mama. Humu kuna vumbi."

"Nimekula vumbi la mpunga tangu sijaolewa."

"Lile la kijijini ni la upepo, mama, linapita. Hili la mashine linahamia."

Hakuvaa. Pumba zikaanza kuruka, banda likawa na ukungu, na mara Mama Marta akaanza kukohoa, akakohoa mpaka akashika nguzo. Mwanaiddi akampigapiga mgongo. "Karibu mjini, mama," akamwambia. Kashinje akanyoosha barakoa tena, na safari hii ilipokelewa.

Aliivaa kinyume. Nikamsogelea. "Samahani mama. Uzi mwekundu unakaa nje."

"Kwa nini?"

"Ili upande wa vumbi usije ukalala kwenye shavu. Sisi zamani tulikuwa tunageuza. Ndiyo ikanipa vile vipele."

Aliniangalia juu ya kitambaa, macho tu. Akaigeuza.

Alikaa nayo mpaka mashine ikanyamaza. Alipepeta na sisi, akafunga magunia na sisi, akamgombeza Hamis na sisi kwa kuacha pumba kwenye mchele. Mara kwa mara aliingiza kidole chini ya kitambaa kujikuna. Kashinje akamwona.

"Inawasha, ee?"

"Inawasha kama upupu!"

"Hiyo ni leo tu, mama. Sisi tuna miaka."

Tukatoka nje kwenye ndoo. Tukapanga mstari wetu kama kawaida, Kashinje mbele, Mwanaiddi, wengine, mimi. Mama Marta akasimama pembeni na barakoa yake. Kisha tukavua, wote kwa pamoja, maana mashine ikizimwa kila mtu anakuwa na haraka ya hewa.

Niliona macho yake yakienda. Yalianza kwa Kashinje, juu kijivu cha pumba, chini safi, katikati mstari. Yakaenda kwa Mwanaiddi, mstari. Kwa yule mwingine, mstari. Safu nzima ya wanawake wa rangi mbili, tumesimama na barakoa mkononi kama watoto wanaokaguliwa kucha. Yakafika kwangu. Yakarudi kwa Kashinje.

"Nawa wewe," akamwambia Kashinje.

Kashinje akanawa. Pumba zikaondoka, na chini ya pumba mstari wa jua ukabaki, mahali palepale. Mama Marta akamshika kidevu akamgeuza kwenye mwanga kama anakagua mbuzi. Kashinje, na ukubwa wake wote, akatulia.

"Na wewe," akamwambia Mwanaiddi.

"Mimi sionekani, mama, mimi kahawa..."

"Njoo hapa."

Mwanaiddi akaenda. Mstari wake ukaonekana. Alipoachiwa kidevu alichomoa kioo chake kidogo kwenye kanga akampa Mama Marta. "Jiangalie na wewe basi, mama."

Mama Marta akajiangalia. Juu alikuwa amekuwa bibi kizee mwenye nyusi za unga. Chini alikuwa yeye, uso wa asubuhi, na katikati mstari umenyooka kama wa rula. Aliangalia muda. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, kimyakimya, mkono umeziba mdomo kama vile barakoa bado ipo.

"Sasa nikirudi Majimoto hivi," akasema, "na mimi wataniambia najichubua!"

"Na ukubwa huo, mama!" Kashinje akasema. "Watasema umepata bwana mjini."

Tukacheka wote, Hamis akachungulia kutoka bandani kuona kuna nini.

Lakini Mama Marta hakuwa mtu wa kumalizwa na kicheko. Aliponyamaza alinijia mimi. Akachovya kidole kwenye ndoo, akanisugua shavuni, chini ya mstari, taratibu, pale penye madoa. Akakiangalia kidole. Kisha akakinusa. Nikaelewa anachofanya. Yeye aliwahi kubadilisha vitambaa, ile harufu anaijua, na haidanganyi kama mdomo unavyodanganya. Akasogea, akanusa na shavu lenyewe, karibu kabisa, nikasikia pumzi yake. Nilisimama wima.

"Mpunga," akasema.

"Eti mama?"

"Unanuka mpunga." Akafuta kidole kwenye kanga yake. "Nimwagie maji ninawe."

Nikachukua kopo nikammwagia. Alinawa taratibu, uso, shingo, mikono mpaka kwenye viwiko. Mikono aliinawa kwa muda mrefu kuliko uso. Akiwa bado ameinama akauliza:

"Jana ulipika nini?"

"Wali na migebuka, mama."

"Kilibaki?"

"Shangazi alikimaliza. Kwa majonzi."

"Basi pika kingine. Chukua mchele wangu huu, tuuone."

Nyumbani niliwasha moto. Mchele wa Majimoto ukiwa mpya unanukia kabla haujaiva, nyumba nzima ikajua. Erasmus aliitwa kutoka gereji ya rafiki yake alikokwenda kujificha, akaja na mafuta ya injini mpaka kwenye masikio. Shangazi akaleta maji ya kunawa na macho ameyainamisha chini. Mama Marta akanyoosha mikono, akanawa kwa mara ya pili. Tulifanya ishara ya msalaba, na kabla shangazi hajamaliza sala yake, ambayo siku ile aliirefusha, mkono wa Mama Marta ulishafika kwenye sinia.

Akatafuna. Tukamwangalia wote. Akatafuna tena.

"Chumvi imepungua," akasema. Akachukua tonge la pili.

Alikula mpaka samaki akabaki mifupa. Aliongea kuliko siku zote mbili, akaniuliza kitambaa kile cha barakoa ni cha aina gani, nikamwambia shuka kuukuu, akasema anataka za kwenda nazo, maana kule kwao wakipura mpunga watu wote wanashinda wanakohoa. "Na zile nyuzi nyekundu usisahau," akasema. "Watu wa kule ninavyowajua, watageuza."

Kisha akasukuma sinia pembeni, akanitazama usoni, uso wote, juu na chini.

"Ukoko uko wapi?"

Mgeni haombi ukoko wa nyumba ya watu. Anayeomba ni mtu wa nyumbani. Nikaenda kukwangua sufuria, na nyuma yangu shangazi akatoka mbio kwenda uani, eti anaangalia kuku. Tukamsikia kule, akipiga kigelegele kidogo cha kujibanabana, kama mtu anayekohoa kanisani.

Mama Marta akapokea ukoko, akauvunja, nusu akampa Erasmus.

"Nenda kamwambie apige vizuri," akamwambia. "Majirani hawasikii."